Pudini Iliyochemshwa kwa Leso ya Dorothea

Jumatano, 5 Novemba

Jackie, mjukuu wangu, ameniwekea simu iwe ikiandika nikiongea. Ati hapa Texas mzee akiongea peke yake wanamwitia daktari. Basi simu, andika. Jumapili Pasta Ngugi anachagua mama wa kushika jikoni ya kanisa, kwa kuonja mapishi ya kila mmoja. Miaka miwili ameshika Dorothea, mtu wa Moshi, wali wake ni uji wa mgonjwa. Hiyo jikoni ni yangu. Hapa Lewisville binti yangu hataki niguse stovu, ati kengele ya moshi italia. Nikikosa ya kanisa nitakaa kwa kochi nikingoja kufa. Na sijachoka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata dawa ya Dorothea. Pudini ya Wazungu. Limuru nilipikia Memsahib miaka kumi na moja, na huyo hakujua kuchemsha yai. Yeye alisoma kitabu, mimi nikapika, wageni wakamsifu yeye. Mkate uliokauka, zabibu, sukari guru, mafuta ya figo ya ng'ombe. Funga kwa kitambaa, chemsha masaa manne. Mkate ninao. Jackie hutupa kingo zote. Msichana mkubwa anaogopa ganda la mkate. Nazidaka kabla ya pipa. Muuza nyama wa buchari aliuliza kama hayo mafuta ni ya mbwa. Nikamwambia ni ya pasta.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Jackie yuko shift ya hospitali. Stovu ni yangu. Kengele ya moshi nimeivalisha kofia ya kuogea. Shida ni kitambaa. Nyumba nzima wanapanguza na karatasi, kama wagonjwa. Nikakumbuka leso nyekundu, Dorothea huiita kanga, aliyonipa Krismasi. Sijaivaa hata siku moja, siwezi kuvaa kitu cha huyo. Ina maandishi, lakini mimi sikusoma, na siulizi mtu. Leso ya zawadi husema Mungu akubariki, basi. Jackie akasema ati niioshe kwanza. Nikamuuliza, kuchemsha masaa manne si kuosha?

Jumapili, 9 Novemba

Dorothea alileta keki ya dukani, sticker ya duka bado imebandikwa chini. Nikacheka ndani kwa ndani. Nikasimama mbele, nikafungua leso. Kanisa kimya. Nikafikiri ni heshima.

Kumbe leso imetoa rangi, pudini ni nyekundu kama nyanya, na maandishi yamehamia juu yake. Pasta akavaa miwani. Huyo akiona maandishi lazima asome kwa sauti. Akasoma: MANENO MENGI HAYAIVISHI MAHARAGE.

Wakacheka mpaka kwaya. Karibu mwaka mzima huyo mama amenitukana ndani ya kabati yangu, na nilimshukuru mbele ya watu! Lakini wao walidhani mimi ndiye nimemtupia Dorothea kijembe. Mama Wanjohi wa kwaya akanifinya bega, akaninong'oneza ati, "Cucu, bibi yetu, hapo umempata." Nikanyamaza. Mara moja maishani. Dorothea anaijua leso yake, lakini angesema nini?

Pasta akasema wamama wanaopigana kwa chakula hawapewi ufunguo. Akampa Modestus, yule mzee wa kupanga magari nje. Anajua chai tu. Lakini pudini waliimaliza. Kanisa nzima midomo nyekundu.

Jumanne, 11 Novemba

Dorothea ame-drive kutoka Cedar Hill kuomba msamaha. Akalia kidogo. Kulia pia hajui. Ameleta leso nyingine, mpya. Jackie akataka kunisomea, tena anifundishe herufi, dakika kumi kila siku. Nikakataa. Nina miaka sabini na nane, na Jumapili wote mmeona kusoma kunaleta nini.

Modestus ameunguza chai. Sijui mtu anaunguzaje maji. Pasta anachagua tena Krismasi. Nimeshaanza kuweka kingo za mkate.

Hii leso nyingine ni nyeusi, ina maandishi pia. Nyeusi haitoi rangi.