Filamu Iliyofikia Nyuzi Arobaini na Tatu

Ilitangazwa rasmi jijini Dodoma, mbele ya kamera, maua ya plastiki na maji ya chupa, kwamba kuanzia mwezi wa sita taifa halitapima tena mafanikio ya filamu kwa kuhesabu tiketi. Tiketi, alieleza Bwana Respicius, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Mafanikio ya Filamu, ni karatasi tu. Mtu anaweza kukata tiketi akaingia akalala. Mwingine huikata kwa sababu anamkwepa mkwewe barabarani. Lakini benchi halidanganyi. Mtu akiipenda filamu hukaa, na akikaa, benchi hupata joto. Kwa hiyo mafanikio yatapimwa kwa joto la mabenchi, mara tu onyesho linapokwisha.

Mwandishi mmoja aliuliza vifaa vitatoka wapi.

"Vipo," akasema Mkurugenzi, na ukumbi ukampigia makofi kabla hajamaliza. Vilikuwa vile vipima joto vya kuelekezea paji la uso, maboksi kumi na manne, vimekaa stoo tangu wakati wa korona. Serikali makini haitupi kitu.

Mwongozo ukatoka, kurasa sitini na mbili. Filamu ikipata chini ya nyuzi ishirini, imepoa, ishushwe. Kati ya ishirini na thelathini na saba ni vuguvugu, ivumiliwe. Kuanzia thelathini na nane ni Moto wa Kitaifa. Hiyo haishushwi mpaka ipoe yenyewe, na ukumbi hauruhusiwi kuonyesha nyingine, zisije zikaiba joto lake.

Ukumbi wa kwanza kupimwa ulikuwa wa Bibi Ruthu, kule Chang'ombe, nyuma ya duka la pumba. Usidhani ni jumba. Ni banda la mabati lenye runinga moja kubwa, spika mbili na mabenchi kumi ya chuma aliyochomelewa na fundi Elisha kwa bei ya kindugu. Lakini banda hilo ndilo lililomsomesha binti yake Anitha kule Mvumi mpaka akawa muuguzi, na ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu wanne. Bibi Ruthu alilifagia kila asubuhi, akanyunyiza maji vumbi lilale, akafuta benchi moja moja kwa kitambaa cha kanga kuukuu.

Afisa Mpimaji alikuja Jumamosi. Aliitwa Brighton, kijana mpole, viatu vyake vimeng'aa mpaka vumbi lenyewe liliona haya kuvigusa. Siku hiyo kulikuwa na filamu ya ngumi ya Kichina, na mtafsiri alikuwa Yotham, ambaye Kichina hakijui hata salamu, lakini hakuna aliyewahi kutoka ukumbini akidai hakuelewa. Watu walijaa mpaka mlangoni. Adui mkubwa alipotokea, ukumbi mzima ukasimama, wengine wakapanda juu ya mabenchi, na hawakukaa tena hadi mwisho.

Brighton akapita na kifaa chake. Akaandika: nyuzi ishirini na tatu.

"Vuguvugu, Bibi," akasema kwa huruma. "Watu hawakuipenda. Walishindwa hata kukaa."

"Ee, mwanangu! Wale waliokuwa wanapiga kelele?"

"Kelele hazina joto."

Jumatatu ikaletwa filamu ya Kurugenzi yenyewe, ambayo kila ukumbi ulitakiwa kuionyesha. Iliitwa *Zizi Lenye Mpango*. Ilikuwa ya saa mbili kamili, kuhusu mfugaji mkaidi anayeelimishwa na Mkurugenzi mmoja mwenye busara. Bwana Respicius ndiye aliyeitunga, ndiye aliyeiongoza, na nafasi ya Mkurugenzi mwenye busara aliicheza mwenyewe baada ya usaili uliokuwa na mshindani mmoja.

Ilionyeshwa saa sita mchana. Ilipokwisha, saa nane, jua la Dodoma lilikuwa limekaa juu ya mabati kama mtu aliyefika kwao. Ndani hamkuwa na mtu ila mwenye ukumbi. Brighton akaelekeza kifaa kwenye benchi la kwanza, akakitazama, akakipuliza, akarudia.

Nyuzi arobaini na tatu.

Jioni hiyo redio ilitaja Chang'ombe. *Zizi Lenye Mpango* ilikuwa Moto wa Kitaifa.

Wiki ya kwanza Bibi Ruthu alidhani ni utani. Wiki ya pili wateja walikuja, wakachungulia, wakaona zizi, wakaondoka. Wiki ya tatu Yotham alimwambia, "Bibi, mimi nakupenda kama mama yangu, lakini yule mfugaji ameshaelimika vya kutosha." Naye akaenda kuuza zabibu stendi. Wiki ya nne unga ukaisha kwenye debe. Mnunuzi wa vitu vilivyotumika akaja kuitazama runinga, akaizunguka kama anayetazama ng'ombe mnadani. Bibi Ruthu akamwambia arudi Ijumaa. Kisha akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda ofisini kwa Brighton.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuomba ruhusa ya kushusha lile zizi."

"Bibi, ile ina nyuzi arobaini na tatu!"

"Najua. Nilikuwepo. Tulikuwa mimi na kuku."

Brighton akachukua kalamu. "Kuku alikaa?"

"Alikaa, ila chini."

"Basi hatumhesabu," akasema, akaiweka kalamu.

"Mwanangu, lile ni jua. Chuma, bati, saa nane za mchana. Hata ungeonyesha ukuta mtupu, ungefaulu."

Brighton hakuwa mtu mbaya. Alifungua mwongozo, akatafuta ukurasa kwa ukurasa, midomo ikichezacheza. Mwishowe akaufunga. "Jua halimo, Bibi. Mwongozo hautambui jua."

Bibi Ruthu alisoma hadi darasa la saba tu, lakini ni lile darasa la saba la zamani, la kusoma kitu mpaka mwisho. Aliomba mwongozo, akavaa miwani, akasoma kurasa zote sitini na mbili pale pale kwenye kiti cha wageni. Chai ya saa nne ikapita, ya saa kumi ikaja.

"Hapa wameandika mpime onyesho la kwanza la siku," akasema. "Hawakutaja lianze saa ngapi."

"Hawakutaja."

"Basi kesho njoo saa moja asubuhi, likiwa linaisha. Vaa sweta."

Nawe unajua mwezi wa saba wa Dodoma ulivyo alfajiri. Upepo unatafuta mifupa. Bibi Ruthu aliwasha filamu saa kumi na moja, milango wazi, yeye amejifunika blanketi pembeni. Saa moja Brighton akapima.

Nyuzi kumi na tatu.

Habari ilimfikia Mkurugenzi akiwa anakunywa supu. Filamu ya taifa, kutoka arobaini na tatu hadi kumi na tatu, kwa usiku mmoja! Na Ijumaa ileile alikuwa amemwalika Bi Violeth, Naibu Katibu Mkuu, aje kushuhudia joto kwa macho yake. Kuahirisha kungeonekana ni woga. Akatoa waraka: filamu isishushwe kwanza, ipimwe upya; watumishi wote wa Kurugenzi wafike Chang'ombe Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, wakae kizalendo.

Walifika na basi la ofisi. Baridi ilikuwa imekolea, na watumishi wa umma si wajinga: kila mmoja alikuwa na blanketi, mto au koti zito, akalikunja, akaliweka kwenye benchi, akakaa juu yake. Bi Violeth, mama mnene mwenye sauti ndogo, alikaa mbele. Kando yake, benchi lililoelekea mlango lilibandikwa karatasi: MTENGENEZAJI.

Mkurugenzi akahutubia. Akasema filamu ni kioo cha jamii, na kwamba yeye binafsi hachoki kuitazama hii. Taa zikazimwa. Dakika ya sita simu yake ikatetemeka, akatoka nje kwa kunyata kutafuta mtandao. Mtandao, inavyoelekea, ulikuwa ndani ya gari lake, kiti cha nyuma, vioo vikiwa vimefungwa.

Saa moja taa zikawaka. Mkurugenzi alikuwa ameshasimama karibu na karatasi yake, anapiga makofi.

Brighton akaanza kupima, akisoma kwa sauti kama mwongozo unavyotaka. "Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na tano." Watumishi wakatazama mito yao. "Benchi la mgeni rasmi, thelathini na mbili." Hapo makofi. Kisha akafika kwenye karatasi.

"Mtengenezaji," akasoma. Akapima, akapima tena. "Kumi na moja."

Lilikuwa benchi baridi kuliko yote, maana lilikuwa mkabala na mlango.

"Kifaa hicho ni kibovu," akasema Mkurugenzi.

Bi Violeth akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Ni kibovu tangu leo, au tangu siku ya zile nyuzi arobaini na tatu? Maana ile ripoti nimeshaipeleka juu."

Jasho lilimtoka Mkurugenzi kwenye baridi ile ile. Kama kifaa ni kibovu, basi maboksi kumi na manne ni mabovu, na mwongozo, na Kurugenzi. Kama ni kizima...

"Kifaa ni kizima," akasema.

"Vizuri. Kwa hiyo filamu yako wewe mwenyewe hukuitazama."

"Nilipata dharura, mheshimiwa."

"Yule mfugaji anaishia wapi?"

Mkurugenzi akamtazama Brighton. Brighton akatazama viatu vyake. Ni Bibi Ruthu aliyejibu, kutoka pembeni, bila kuulizwa: "Anauza ng'ombe, anafungua ofisi. Nimeiona mara thelathini na moja, mama."

Bi Violeth akatikisa kichwa taratibu. Akaagiza filamu ishushwe, kwa kuwa imepoa, na ukumbi urudi kwa mwenyewe. "Ila kabla ya kushushwa, Bibi, naomba uirudie mara moja tu. Mkurugenzi atakaa. Brighton atampima kila dakika kumi. Asitoke mpaka benchi lake lifike thelathini na nane."

Akaondoka, na basi likaondoka na mito yake.

Saa mbili asubuhi nusu ya Chang'ombe ilikuwa imeshapata habari. Mama lishe waliacha masufuria. Bodaboda walizima pikipiki. Yotham alirudi na beseni lake la zabibu kichwani. Wakajaa milangoni, wakakanyagana madirishani, na hakuna aliyekuwa anatazama runinga. Ndani Bwana Respicius alikaa wima, peke yake, akijitazama akielimisha. Brighton akainama, akapima.

"Thelathini na tatu. Bado, Mkurugenzi. Jitahidi kukandamiza."

Nje watu wakaangua kicheko mpaka mabati yakatetemeka. Mnunuzi wa runinga, aliyefika kama alivyoahidiwa, alisukumwa nyuma kabisa, akawa anarukaruka aone.

"Bibi," akaita, "hii ndiyo filamu gani?"

Bibi Ruthu alikuwa ameshachukua kiti chake, amekaa mlangoni anakata tiketi.

"Mpya," akamjibu. "Panga foleni, baba, kama wenzako."