Nyasi Juu ya Bati

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Jua halijaniweza. Niandike hivyo mwanzo kabisa, wajukuu wasome. Mimi Bujiku, mzee wa Nyahanga, mwenye darasa la nne kasoro mtihani, sijatoka jasho tangu nizaliwe.

Haya nayaandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Ukurasa umelowa kwa jasho la kidevu. Basi, nimetoka jasho. Kidogo. Tuendelee.

Shida ni bati. Hapana, bati si shida, bati ni heshima. Kazi yangu ni kukaa mbele ya duka la Bwana Pranlal, Kahama mjini, na kuwasifia wateja bati kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, hasa wakulima wa tumbaku wa Ushetu. Sasa msifia bati alale chini ya nyasi? Watu watasemaje? Ndiyo maana mwezi wa saba niling'oa nyasi zote, nikaezeka bati nyumba nzima. Liling'aa hilo! Hata kunguru walikuwa wanazunguka mbali. Jirani yangu Maige, mtu wa nyumba ya nyasi, nikawa namwuliza kila asubuhi kama amelala salama huko porini.

Mwezi wa saba kuna baridi. Hilo sikulipigia hesabu.

Sasa nyumba ni tanuri. Mshumaa mezani umepinda wenyewe, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Leo mke wangu Scolastika amebeba mkeka na mto, amehamia jikoni, kwenye kile kijumba cha nyasi alichonikataza nisikiguse. Nimemwambia mke wa mtu halali na masufuria. Amesema, Baba Vumilia, masufuria yamepoa, wewe lala na bati lako. Tena nyumba isipopoa mpaka Jumamosi, yeye anapanda basi kwenda Mwadui kwa binti yetu Vumilia, hadi mvua zinyeshe.

Hadi mvua! Na ugali nitasongewa na nani?

Lakini sina wasiwasi. Jumamosi atakuwa amesharudi chumbani. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Oktoba

Kazini. Hemal, mtoto wa Bwana Pranlal, yuko ndani chini ya feni. Mimi niko barazani juani. Ameniamkia shikamoo kutoka kwenye upepo, nimeitikia marahaba kutoka motoni.

Mteja wa Ushetu ameuliza kama bati halileti joto. Nimemweleza kitaalamu. Bati linang'aa, jua likishuka linaiona sura yake mbaya, linaona haya, linarudi. Amesema kumbe! Ametikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaegemeza kiganja kwenye mabati yaliyopangwa nje. Alivyoruka! Ametoa maneno ya Kisukuma ambayo sitayaandika, kuna wajukuu. Hemal amenishauri leo nisifie kwa kunyamaza.

Jioni, mpango wa kwanza. Nimepanda ngazi na ndoo za maji, nikalimwagia bati lote. Likalia pa! pa! kama bunduki. Mvuke ukapanda. Kuku wangu wakakimbilia kwa Maige, mpaka sasa hawajarudi. Lakini nyumba ilipoa! Ilipoa kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Nikamwita Scolastika aje aone.

Hakuja kuona nyumba, alikuja kuona ndoo. Kumbe maji yale aliyabeba kutoka kisimani kwa kichwa chake mwenyewe. Nimesemwa. Nimesemwa mpaka ng'ambo ya pili ya uzio, maana nimemsikia Maige akikohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Kiangazi kimoja, magomvi mawili. Si neno.

Alhamisi, 6 Oktoba

Jana sikuandika, kalamu iliteleza mkononi. Leo akili imenijia nikiwa kwenye baiskeli, nusura nimgonge mbuzi wa watu. Nyasi juu ya bati! Ndani heshima, juu baridi. Mbona wenye shule zao hawajaliona hili?

Ila asijue mtu. Bwana Pranlal akisikia kwamba msifia bati wake amelifunika bati kwa nyasi, nimekwisha. Na Maige akisikia, bora Bwana Pranlal. Kwa hiyo nitaezeka upande wa nyuma tu, juu ya chumba cha kulala, pale panapozibwa na uzio wa minyaa.

Nimenunua mafungu ya nyasi kwa Mama Paskalina. Ameuliza ni za nini. Nimesema za ndama. Ameuliza ndama yupi, mbona huna ng'ombe. Nimemwambia mtu mwenye busara huanza na chakula.

Nitapanda kesho alfajiri, kabla jogoo wa Maige hajaanza kujisifu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mwili wote unauma. Niandike kwa utaratibu.

Nimepanda kukiwa bado giza. Kifua wazi kwa ajili ya joto, gunia kichwani ili nyasi zisiniwashe. Nimelaza mafungu matatu vizuri kabisa. La nne likateleza, nikalirukia, bati likalia kwaa!

Maige alikuwa ametoka haja ndogo. Akaona mtu amevaa gunia juu ya bati la jirani. Mtu wa namna hiyo saa kama ile anafanya nini? Anaiba bati! Maige akapiga mwano. Na huku kwetu yowe la mwano likipigwa hakuna anayeuliza swali, watu wanakimbia na walichoshika. Dakika hiyo hiyo sungusungu wamejaa uani na pinde, marungu na filimbi. Nyahanga nzima! Nikapaza sauti kwamba ni mimi, ni mimi Bujiku! Sauti moja chini ikajibu: huyu mwizi amejiandaa, mpaka jina la mwenye nyumba analijua.

Ameniokoa Scolastika. Ametoka jikoni na kibatari, ameinua uso, amenitazama weee, kisha akawaambia, msimpige mshale, huyo ni wa kwangu.

Nimeshuka. Kamanda wa sungusungu amesema mwano haupigwi bure, watu wameacha vitanda vyao, itatoka faini ya mbuzi. Nimesema mwano kaupiga Maige, mbuzi atoe Maige. Kamanda akasema Maige kamwona mwizi, na mwizi alikuwa wewe. Mbuzi wangu wa madoa akachinjwa jua likichomoza. Maige amepewa paja. Ameling'ata huku ananitazama usoni.

Halafu, ajabu. Kamanda akasema hataki kuitwa hapa mara ya pili kwa ajili ya nyasi, akawaamuru vijana wapande wamalize. Mama Paskalina akaleta mafungu yote aliyokuwa nayo. Vijana wakaezeka upande wa nyuma, upande wa mbele, nyumba nzima! Siri yangu sasa inaonekana mpaka barabarani.

Mchana Scolastika ameingia. Amesimama katikati, amegusa ukuta kwa mgongo wa kiganja. Ametoka, amerudi na mkeka na mto. Nimecheza ngoma moyoni tu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Basi la Mwadui limepita, Scolastika alikuwa anachambua mchicha. Bujiku kashinda!

Ila kazini habari imefika kabla ya baiskeli yangu. Bwana Pranlal ni mtu mpole, na mpole ndiye wa kuogopwa. Amesema, Mzee Bujiku, nasikia nyumba yako imevaa kofia. Nikasema ni kweli, kwa sababu ya jua. Akasema sawa, jua kali, lakini leo usipouza bati la nyumba nzima, Jumatatu nawe ubaki nyumbani chini ya kofia.

Nimekaa. Watu wa Ushetu wanapita, wananisalimu mwadila, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Hakuna aliyegusa hata bati moja. Jua limeanza kulegea, mara huyo Maige, amekuja kununua misumari tu.

Nikasema! Sijapata kusema vile. Nimemweleza habari za panya, mchwa, moto na wakwe wanaopita barabarani wakitafuta nyumba ya mkwe wao wasiione. Habari ya joto ameiuliza mwenyewe. Nimemwambia joto ni la waoga. Akasema, mbona wewe umefunika? Nikamwambia nimefunika kwa sababu lilikuwa linang'aa mno, linawaumiza macho majirani kama yeye. Hapo akapapasa mfuko wa shati. Pesa za pamba zilikuwemo. Ameondoka na bati la nyumba nzima kwenye mkokoteni.

Bwana Pranlal amenishika mkono. Hemal ameniletea soda baridi mwenyewe. Kazi ipo, mke yupo. Mtu atake nini tena?

Jumanne, 11 Oktoba

Bati la Maige limekwisha kupigwa. Linang'aa. Linang'aa kishenzi.

Jana mgeni wangu kutoka mjini, ameelekezwa aende kwa mzee wa bati, akaenda kupiga hodi kwa Maige. Mama Klara, jirani wa upande wa pili, amemwuliza Scolastika kwa huruma kama tumeuza bati letu kwa sababu ya njaa. Na asubuhi hii Maige amesimama kwenye uzio, macho mekundu kwa kukosa usingizi, jasho linamtiririka mpaka viwikoni, lakini amejaa majivuno tele. Ameniamkia mwangaluka, halafu akanipa pole. Pole ya nini? Amesema, ya maisha.

Ya maisha! Mimi!

Nimeamua. Nyasi zinashuka leo, zote. Scolastika ameuliza na joto je. Nimemwambia mvua ziko karibu, nazisikia gotini, na hata zikichelewa nina mpango mwingine mzuri kuliko huu. Anakunja mkeka, nadhani anataka kuukung'uta vumbi. Nguo anazopanga kwenye kikapu nadhani ni za kufua.

Kilichobaki ni kitu kidogo tu. Mchwa wamekula mguu mmoja wa ngazi, inahitaji mtu wa kuikamata chini. Maige, wewe ulikula paja la mbuzi wangu na mimi sikusema kitu. Hebu vuka uzio, uje unishikie ngazi.