Daktari wa Mafaili Mtaa wa Msimbazi

Vitalis alipoiona foleni kwenye duka la picha la mama Jasvanti, mtaa wa Msimbazi, mate yalimdondoka. Maharusi wa Kariakoo nzima wamo ndani ya kompyuta moja! Miaka ile ya soko huria kila mwenye duka alikuwa akinunua kompyuta, na wachache walijua kuitunza. Vitalis naye hakujua, ila alikuwa na tai.

Alikuwa pia na disketi, aliyouziwa kichochoroni na jamaa aliyemwapia kwa jina la Mungu: ukiichomeka tu, mafaili yote yanafungwa, na neno la siri la kuyafungua ni "mkombozi". Jana alikwenda nayo dukani kwa mama Jasvanti, akaichomeka kwa kisingizio cha kuchapisha barua ya kuomba kazi, kazi ambayo Mungu alikuwa amemwepusha nayo maisha yake yote. Leo akarudi.

"Shikamoo mama. Nasikia kompyuta inaumwa."

"Marahaba. Umesikia wapi? Sijamwambia mtu." Mama Jasvanti akaiangalia tai. "Na wewe jana ulikuwa unaomba kazi. Umesomea udaktari usiku?"

Mjanja wetu akakohoa. "Sisi wataalamu tunahisi tu, mama. Hiki ni kirusi. Laki mbili, nakufungulia kila kitu."

"Laki mbili! Huna huruma?"

"Ninayo. Ndiyo maana si tatu."

Alikuwa bado anajipongeza moyoni kwa jibu hilo wakati mchumba wake, Sofia, alipoingia.

"He! Vitalis! Nani kakwambia? Nilitaka kukushtukiza siku ya harusi!"

Ikabidi Sofia aseme. Ile picha pekee ya marehemu mama yake Vitalis, iliyoliwa na maji ya mvua, alikuwa ameileta hapa isafishwe. Karatasi yenyewe ilikuwa imemeguka mikononi. Sura ya mama ilibaki ndani ya kompyuta tu.

Vitalis akaikimbilia kompyuta. "Nafungua bure! Sasa hivi!" Akaandika: mkombozi. Kompyuta ikakataa. Akaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa. Mara ya tatu kioo kikatangaza kwamba mafaili yote yamefutwa.

"Nimetapeliwa!" akapiga kelele.

"Na nani?" mama Jasvanti akauliza. "Si wewe ndiye daktari?"

 Daktari akaketi sakafuni, tai begani, akalia kwa sauti. Alikuwa amewaliza watu wengi mjini, lakini yeye mwenyewe hakuwa amelia tangu siku ya mazishi ya mama yake. Uchungu ulikuwa wa kweli kabisa.

Mama Jasvanti akamwacha alie kidogo, kisha akafungua mkoba na kutoa CD. "Mimi kila jioni nanakili kila kitu, naenda nacho nyumbani. Mume wangu Devendra ananicheka mpaka leo."

"Mungu akubariki, mama! Picha ya mama yangu imo?"

"Imo, tena imesafishwa vizuri. Laki mbili."

"Mama! Huna huruma?"

"Ninayo. Ndiyo maana si tatu."