Mshika Kiti wa Mheshimiwa

Wizara ya Anga na Mambo ya Juu ilitangaza kwa fahari isiyo kifani kwamba taifa limepata kiti kimoja katika chombo cha mataifa, kile kinachopeleka watu kwenye kituo kinachozunguka dunia. Kiti hicho, tangazo lilisema, atakikalia Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa kuwa kiti cha taifa hakiwezi kukaliwa na mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida alikuwa rubani, binti aliyesomea safari hiyo kwa miaka, akizungushwa kwenye mashine mpaka matumbo yakasahau yanapokaa, akijifunza kula na kujisaidia huku anaelea. Mheshimiwa naye alisoma. Alihudhuria semina ya asubuhi moja, akaondoka kabla ya chai kutokana na majukumu.

Aliyetumwa kumpasha binti habari ni Afisa Itifaki wa wizara, mjomba wake kabisa, tumbo moja na mama yake. Mzee huyu aliishika itifaki kama wengine wanavyoishika dini. Akamweleza mpwawe kwa upole kwamba hajaondolewa, amepangiwa upya tu.

"Nimepangiwa wapi, Mjomba?"

"Chini."

Binti akamtazama, macho yamejaa machozi. Mama wa binti alimpigia simu kaka yake, akatoa maneno yasiyoweza kuingia katika kumbukumbu za wizara, kisha akaacha kupokea simu za mzee. Chakula kikamshinda mzee. Lakini itifaki ni itifaki.

Siku ya safari, wageni wa mataifa mengine waliingia chomboni mapema, wakajifunga mikanda kimya kimya kama watu wasio na vyeo. Nahodha wao alimwambia mzee, kupitia mkalimani, kwamba saa nne kamili wanaondoka, maana kile kituo kinapita juu na hakimsubiri mtu. Mzee akatabasamu kwa huruma. Mgeni rasmi anayefika kwa wakati ni mgeni rasmi wa aina gani? Ilikwishapangwa kwamba Mheshimiwa afike wa mwisho, watu wakiwa wameketi na kuchoka vizuri.

Tatizo likawa kiti. Jamani, kiti cha mgeni rasmi hakiachwi wazi. Ukigeuka tu, diwani ameshakaa, na kumwinua diwani ni kazi ya polisi. Lazima awepo wa kukishika. Na mavazi ya anga ya akiba yaliyokuwepo pale yalimwenea mtu mmoja tu.

Mzee akamvuta mpwawe kando. "Mwanangu, kakishike kiti cha Mheshimiwa. Usimpishe mtu. Usiinuke mpaka afike."

"Asipofika je, Mjomba?"

"Nimekwambia usiinuke."

Binti alivaa huku anakimbia.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa njiani, akifuata ratiba. Msafara ulisimama aimbiwe, ukasimama azindue kisima kilichokwisha kuzinduliwa mwaka juzi, ukasimama tena apigwe picha ndani ya vazi lake la anga, kofia ya kioo ikiwa kwapani kama tikiti maji. Saa nne ilimpita anapunga mkono.

Kule uwanjani, ardhi ikatetemeka. Moto, moshi, ngurumo ya kung'oa meno. Watu waliruka, wakakumbatiana na wasiowajua. Bendi ilipiga wimbo wa harusi, ndio pekee iliyouweza bila karatasi. Simu ya mzee ikaita: dada yake, kilio na kicheko vimemchanganyikia, anamwita kaka, kaka, kaka. Mzee, mtu mzima na tai yake, akajikuta anakata kiuno.

Ndipo Mheshimiwa akashuka garini. Uwanja ukasimama kwa heshima, kama ilivyopangwa. Vipaza sauti navyo, kwa mujibu wa ratiba, vikarusha hotuba aliyoirekodi wiki iliyopita: "Ndugu wananchi, ninawatazama kutoka huku juu, na kwa kweli mnaonekana wadogo sana."

Wananchi wakamgeukia. Alikuwa amelowa jasho, vazi limemwelemea, hata goti halikunjiki. Bibi mmoja akaguna, akaanza kucheka. Kicheko kikashuka safu kwa safu hadi kwa wapiga tarumbeta.

Mheshimiwa akajikokota hadi kwa Afisa Itifaki. "Kiti changu kiko wapi?"

Mzee akasimama wima, akanyoosha kidole kwenye kile kinukta cha moto kinachopotelea mawinguni.

"Kipo salama, Mheshimiwa. Yupo anayekushikia, na hajainuka."