Ridhaa ya Marehemu

Idara ya Nguzo na Nyaya za Ardhini ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wananchi kukataa nguzo kwenye viwanja vyao limekwisha kabisa. Halikumalizwa kwa mabavu. Limemalizwa kwa kanuni, na aliyekabidhiwa kanuni hiyo ni mimi, Afisa Ridhaa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Idara ikitaka kusimika nguzo au kuchimba mtaro wa nyaya katika kiwanja cha mtu, inampelekea mwenye kiwanja taarifa. Asipojibu ndani ya muda uliowekwa, amekubali. Zamani tulikuwa tunawafuata watu majumbani, tunawekewa viti, tunasikiliza malalamiko mpaka miguu inakufa ganzi. Siku hizi tunabandika taarifa getini na kwenda zetu.

Katika mradi wa mtaa wa nyuma ya soko, mwananchi aliyetupa ushirikiano kuliko wote alikuwa seremala mmoja. Hakupinga nguzo. Hakuuliza mtaro utapita wapi. Hakuomba hata kuonyeshwa ramani. Nilimsifu kwenye kikao. Kisha akaja ofisini binti yake, msusi mwenye saluni ya chumba kimoja pale pale nyumbani, kunieleza kwamba baba yake alifariki mwaka jana, na kwamba vijana wetu wameweka alama ya chokaa ya kusimika nguzo juu ya kaburi lake.

Nilimpa pole. Nikafungua jalada, nikamwonyesha kwamba hati ya kiwanja bado ina jina la mzee, taarifa ilipelekwa kwa mzee, na mzee hakuipinga.

"Marehemu anapingaje?" akaniuliza.

Nilimjibu kwamba kanuni haimbagui mtu kwa hali yake.

Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, vidole vinang'aa mafuta ya nywele, na hakuja kugombana. Akanieleza kwamba mzee alijichagulia mwenyewe mahali pale, chini ya dirisha la karakana yake, kwa sababu alitaka kulala akisikia watu wanafanya kazi. Karakana ndiyo sasa saluni. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, yeye hufungua dirisha na kumwamkia baba yake.

"Sasa nikifungua nikutane na nguzo," akasema, "shikamoo nitaitoa kwa nani?"

Swali hilo halikuwa na kisanduku kwenye fomu zetu. Ili aondoke kwa amani, nikamwambia kanuni inamruhusu mwenye kiwanja kupendekeza njia nyingine, na jirani atakayeguswa atapelekewa taarifa kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyewahi kuitumia njia hiyo.

Hapa niweke jambo moja sawa. Ramani ya kwanza ilikuwa imenyooka. Ilipita katikati ya bustani ya jirani wa nyuma, ambaye ni Mkurugenzi wetu. Wataalamu wakagundua, bila kushinikizwa na mtu, kwamba udongo wa bustani ile ni mwepesi wa hisia na haufai kuchimbwa. Ndiyo maana mstari ukapiga kona kwa seremala.

Mke wa Mkurugenzi husukwa na msusi huyo huyo. Siku ile msusi alipotoka ofisini kwangu, mama huyo alikuwa kitini, nywele zimefika nusu, na msusi akamweleza kila kitu bila kumficha: anataka kupendekeza mstari urudi bustanini, lakini kama mama haafiki, hatapeleka. Mama akafikiri kidogo, kichwa kikivutwa huku na huku.

"Peleka tu," akasema. "Mwenzangu hajibu mtu. Mimi bomba la jikoni namwomba alitengeneze mpaka nimesahau lilianza lini kuvuja."

Pendekezo likaja kwa jina la mzee. Nililishughulikia kwa uadilifu. Taarifa niliibandika kwenye geti la Mkurugenzi, nakala nikaiweka mezani kwake. Yeye alikuwa kwenye warsha ya ushirikishwaji wa wananchi, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na warsha ikaongezwa muda kwa kuwa washiriki walilalamika hawajashirikishwa vya kutosha. Nilimpigia simu, akaikata. Muda ukapita. Mkurugenzi akawa amekubali.

Aliporudi alikuta mtaro umeipasua bustani kutoka ukuta hadi ukuta, mawaridi yamelala kifudifudi, na nguzo imesimama mbele ya kibaraza chake, bado inanuka dawa ya mbao. Aliniita, akauliza nani ametoa ruhusa. Nikamwambia ni yeye.

"Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo, mheshimiwa. Tulikushukuru kwenye kikao."

Akaamuru kila kitu king'olewe. Kwa masikitiko nikamkumbusha kwamba kanuni, aliyoitia saini mwenyewe, inaruhusu mtu kukubali kwa kunyamaza, lakini kufuta pendekezo lazima aliyelitoa atamke kwa kinywa chake.

Basi Mkurugenzi akavuka mtaro juu ya ubao, mimi nyuma yake, tukaenda saluni. Tulikuta foleni. Akakaa kwenye kigoda kati ya wateja, magoti yamefika kidevuni, akaanza kueleza jinsi alivyoyalea yale mawaridi kwa mikono yake, na kwamba si haki mtu kuvamiwa kwake bila hata kuulizwa. Wanawake wakaitikia kwa huruma. Msusi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

"Pole sana, kaka," akasema. "Ningekuwa na uwezo ningelifuta sasa hivi. Lakini kiwanja ni cha mzee na pendekezo ni la mzee, hata Afisa ana jalada. Yuko hapo nje, chini ya dirisha. Mkielewana, mimi sina neno."

Mkurugenzi akanitazama. Nikapekua jalada, nikalazimika kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyo.

Akatoka. Akasimama mbele ya kaburi, kofia mkononi, akakohoa, akaanza na shikamoo. Nami nilisimama ubavuni pake, kalamu tayari, nikisubiri kuandika jibu la mzee.