Kuagana Kwenye Barabara Isiyo na Kona

Jumatatu, 23 Oktoba
Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hirose, katangaza: Siku ya Utamaduni ukumbi utaonyesha filamu moja tu ya mkazi. Moja! Jirani yangu Bi. Kuwabara tayari anayo, ya achari ya figili ya marehemu mama yake. Dakika nane. Achari! Mimi nitasafiri kuinasa roho ya Mjapani. Mke wangu Fumiyo kauliza roho hiyo inapatikana kwa basi la saa ngapi.

Jumatano, 25 Oktoba
Nyumba ya wageni ya Bi. Shizue, mashambani Niigata. Nimepiga picha supu, bafu, ndara. Supu tamu. Roho, bado.

Alhamisi, 26 Oktoba
Nimeipata! Naondoka, Bi. Shizue (miaka sabini na minne) kasimama mlangoni, kainama, kaanza kunipungia mkono. Mwenyeji mwenye adabu haingii ndani mpaka mgeni apotee machoni. Nami nikaenda kinyumenyume, kamera mbele. Barabara imenyooka kama rula, mpunga umeshavunwa, hakuna kona wala mti. Nikasimama kubadili betri. Anapunga. Nikanywa chai ya chupa. Anapunga. Mvua ikashuka. Mwavuli ninao mimi. Anapunga! Moshi ukatoka dirishani mwa jiko lake: picha ya ajabu. Dakika arobaini na tatu.
Kisha nikakumbuka nimesahau miwani. Nikarudi. Kanipokea kwa tabasamu, kaniaga upya.

Jumapili, 29 Oktoba
Bi. Shizue kanitumia kwa posta keki za mchele na barua. Anashukuru kwa ugeni wangu. Anasema mkono wake wa kulia hunikumbuka kila asubuhi anapojaribu kuuinua. Machozi yalinilengalenga. Fumiyo kaisoma, kafoka: we mwanamume, umemharibia bega bibi wa watu! Hana jicho la sanaa.
Nikampelekea Mzee Hirose filamu, na barua kama ushahidi. Katazama yote bila kukohoa. Kasema ni ndefu kama maisha yenyewe, na kwamba ataitafakari sana. Suti ya siku ya onyesho nimeipeleka kwa dobi.

Ijumaa, 3 Novemba
Wameonyesha achari. Watu wamecheka, wamelia, wameazimana leso. Kwa figili!
Nikambana Mzee Hirose mlangoni. Kavuta pumzi kupitia meno, kasema filamu yangu imemkosesha usingizi: kila akifumba macho anamwona yule mama kwenye mvua. Akaniuliza kama nimeshampelekea japo dawa ya kuchua.
Sasa nimeelewa. Filamu ina nguvu mno kwa ukumbi mdogo, tena mzee mwenyewe anatamani kujua yaliyompata Bi. Shizue. Inahitaji sehemu ya pili!
Nimempigia simu Bi. Shizue. Kasema karibu sana, bwana, ni heshima kwetu. Nakwenda Januari. Fumiyo hasemi nami, lakini koti jekundu nimeshanunua. Theluji ikitanda, nitaonekana mpaka stesheni.