Maneno Matano ya Bi Mwanatumu

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya ishirini na mbili tangu ami yangu Abdulaziz apeleke posa yangu kwa kina Warda. Jibu hakuna. Wameduwaa kwa furaha, nadhani. Mwanamume mwenye duka la kompyuta Msambweni, mashine tatu (moja inawaka), haposi kila siku.

Leo mama yake Warda, Bi Mwanatumu, amekuja dukani mwenyewe! Nikampa shikamoo mbili, asije akadhani ya kwanza ilinitoka kwa bahati. Bi Mwanatumu hutunga majina ya leso, yale maneno yanayochapwa kwenye kanga. Alitaka nimpigie chapa jina jipya, nakala moja tu. Nikaandika: "Hodi zako twasikia, karibu hatukusema."

Akaichukua nakala. Akaniuliza kama nimeyasoma vizuri. Nikamjibu nimeyasoma herufi kwa herufi, kosa hakuna. Akauliza kama nimeyaelewa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, herufi ni kubwa, hata kipofu ataelewa. Akashusha pumzi. Akaniagiza niyafute kwenye kompyuta, akalipa, akaenda zake.

Sikufuta. Data ni mali. Nani hutupa mali?

Jumanne, 4 Novemba

Maneno yale hayanitoki kichwani. Yana hodi. Yana karibu. Watalii wa Diani watayagombania!

Mpango ni huu. Kaingu wa Ukunda ana mashine ya kuchapa vitambaa. Atanichapia doti ishirini za leso, na pembeni kwa herufi ndogo: Mtunzi ni Swabir. Yaani mimi. Doti kumi na tisa ni za maduka ya hotelini. Moja ni zawadi ya Bi Mwanatumu, aone kwamba mkwe mtarajiwa ana kipaji kama chake. Kweli ni kipaji kilekile, lakini hapo ndipo atakapokitambua upesi.

Jefwa, mwenye duka la kompyuta lililo mkabala na langu, ametundika cheti kipya kwenye fremu. Eti amesajiliwa kutunza data za watu. Eti mteja akimaliza kazi yake, faili linafutwa mbele ya macho yake. Maskini ya Mungu! Kompyuta yake haina kitu. Yangu ina barua, vyeti na talaka za Msambweni nzima. Tajiri ni nani?

Alhamisi, 6 Novemba

Ushindi!

Leso zimetoka, nyekundu na nyeupe, bado zanuka rangi. Nimempelekea Bi Mwanatumu yake nyumbani. Nilimkuta uani na wanawake sita wakichambua mchele wa harusi ya jirani. Afadhali, mashahidi. Nikaikunjua mwenyewe.

Mmoja akauma ncha ya mtandio wake. Warda alikuwa mlangoni, akajifunika uso kwa buibui, mabega yakamtetemeka. Haya za mwari. Bi Mwanatumu akaniuliza maneno haya ametunga nani. Nikasema mimi. Akaniomba niseme tena, mashoga zake wasikie. Nikasema mimi, tena nimeyatunga kwa mapenzi nikiifikiria nyumba hii.

Wakapiga vigelegele! Vigelegele saba! Posa imekubaliwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Haikukubaliwa.

Ami amenikokota hadi, kati ya mahali pote duniani, dukani kwa Jefwa. Bi Mwanatumu alikuwa amekaa na karatasi mkononi. Maneno yale aliyasajili mtandaoni Jumatatu ileile alasiri, Jefwa akimsaidia. Tarehe ipo, saa ipo.

Jefwa alifurahi kunihesabia makosa, mpaka akasahau chai yake. Kulifungua faili la mteja bila ruhusa, hiyo ni sheria ya kompyuta. Kuyaweka na kuyatumia aliyokataza yawekwe, hiyo ni sheria ya data. Kuyatia jina langu, hiyo ni hakimiliki. Sheria tatu kwa maneno matano! Kwani Bunge halina kazi nyingine?

Bi Mwanatumu hakupandisha sauti. Alisema ametunga kwa miaka ishirini, na maneno yake yanatembea viunoni mwa watu kuanzia hapa hadi Wasini, na hata leso moja haijawahi kubeba jina lake. Alisema jina hili la leso ndilo lilikuwa la kwanza kulisajili. Halafu akaikunja karatasi yake. Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa muda wa kumaliza kikombe kizima cha kahawa.

Njiani ami akanieleza lililobaki. Kwamba mama mwenye heshima zake hamwambii kijana wa watu "hapana" usoni, humwambia kwa leso. Kwamba maneno yale ndiyo yalikuwa jibu la posa yangu. Nami nimelichapa doti ishirini na kutia jina langu.

Lakini ami ana ulimi wa asali. Alishawaomba. Hawatanishtaki. Nirudishe leso zote, na niandike barua ya msamaha, iliyotoka moyoni, kwa maneno yangu mwenyewe. Ikimgusa Bi Mwanatumu, atazungumza na Warda upya. Nafasi ya mwisho!

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeandika "Bi Mwanatumu, nisamehe." Nikakwama kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Maneno yangu mwenyewe! Mtu atayatoa wapi?

Ndipo nikamkumbuka Samuel, mhudumu wa hoteli kule Chale. Mwezi wa Julai alikuja nimpigie chapa barua ya kumwomba msamaha mkewe, Eunice. Kurasa mbili. Aliniomba niifute. Tazama faida ya kutofuta!

Nimeisoma, machozi yakanitoka. Nimetoa Eunice, nimetia Bi Mwanatumu, ukurasa wa kwanza wote. Kwenye wa pili umeme ukaanza kucheza, nikachapa hivyohivyo. Si kitu. Nani husoma ukurasa wa pili?

Jumatano, 12 Novemba

Ami husoma ukurasa wa pili. Tena kwa sauti, mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Bi Mwanatumu, mjane aliyetoka Hija mwaka jana, aliambiwa kwamba pombe nimeiacha kabisa, kwamba kitanda ni baridi bila yeye, na kwamba yeye ndiye Eunice wangu wa pekee hadi kaburini. Ami hanisemeshi. Warda, nasikia, alicheka hadi akapewa maji. Samuel amepita dukani kwa hasira kuniuliza kwa nini kila amwonaye anamtakia heri mkewe. Nikamwambia ni ukarimu wa watu wa pwani. Akavuka barabara, akaingia kwa Jefwa.

Jioni Kaingu ameniletea furushi kutoka kwa Bi Mwanatumu. Leso mpya, doti moja, jina lake mwenyewe limechapwa pembeni. Imeandikwa: "Barua tumeipata, Eunice msalimie."

Basi. Warda nimemkosa. Nimekaa nayo mapajani, roho inaniuma kwelikweli, nikaisoma mara tatu.

Maneno manne tu. Lakini yana mizani! Yana utani! Hakuna mke Pwani nzima atakayeyaona asiyatake. Nimemuuliza Kaingu kama Bi Mwanatumu ameyasajili. Kaingu amesema hajui.

Hajui! Kesho nitafungua duka mapema, kabla ya Jefwa.